Bangili ya Mama Mkwe na Jembe la Posa

Mpendwa mshauri,

Naomba msaada wako, na kama kuna wengine walioandika kabla yangu naomba wanisamehe wanipishe, maana shida yangu ina tarehe. Wazee wa upande wa mchumba wa wifi yangu wanakuja mwisho wa mwezi huu wa saba, na mimi wiki ya tatu sasa sikai kitako, nikikaa nasimama, nikisimama natoka nje, nikitoka nje nasahau nilichofuata, juzi darasani nimeandika hesabu ubaoni nikaifuta mwenyewe kabla watoto hawajainakili, wakabaki kunitazama tu.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Sumbawanga mjini. Kwetu ni Rungwe, nimelelewa Kimoraviani, kazi ndiyo iliyonileta huku Ufipa, nikampata mume wangu Felisiani ambaye ni bwana mifugo na mwenyeji wa huku, wa familia ya Kikatoliki, tukafunga ndoa kanisani kwao mwaka sabini na tano baada ya mimi kukubali kufundishwa upya, na tuna watoto wawili. Mume wangu ni mtu mwema, lakini kazi yake ni ya safari, leo yuko bondeni, kesho yuko Kasanga, kwa mwezi naweza kumwona siku nne, kwa hiyo ndoa yangu nikisema kweli nimeiishi zaidi na mama yake kuliko na yeye mwenyewe.

Mama mkwe wangu, mama Bertilla, ni mjane, anakaa kijijini upande wa barabara ya Laela, kijiji walichohamia wakati wa operesheni ya vijiji vya ujamaa, na kila mwisho wa wiki nakwenda kumsaidia kazi. Hajawahi kunitukana hata siku moja. Ila kwa miaka yote sita ameniita "mwalimu." Wake za shemeji zangu anawaita "mwanangu," wasichana wa jirani "mwanangu," mpaka mke wa katibu wa kijiji ambaye amefika juzi tu ni "mwanangu," mimi ni "mwalimu, karibu ugali," "mwalimu, mtoto analia." Mtu mwingine ataona ni heshima. Mimi ilikuwa inaniuma, na nilikuwa narudi mjini nikihesabu kama safari hiyo ameniita mara ngapi.

Sasa mama ana tabia, akiwa na mawazo husugua kifundo cha mkono wake wa kushoto, anasugua kama anayetafuta kitu. Wifi yangu Zita, binti wa mwisho wa nyumba ile, ndiye aliyeniambia siku moja tukichambua maharage kwamba hapo palikuwa na bangili ya shaba, ya nyuzi tatu zilizosokotwa, aliyopewa na mama yake mzazi, akaivua akaiuza mwaka Felisiani alipochaguliwa kwenda sekondari, na tangu hapo hakuvaa kitu mkononi. Mshauri, mume wangu alisoma kwa bangili ile, na mimi nilimpata kwa sababu alisoma. Pale pale juu ya ungo wa maharage nikaamua kwamba nitamtengenezea nyingine, iliyo sawa na ile, wala sitamwambia mtu mpaka iishe.

Madukani hali unaijua, rafu ni tupu. Nikaelekezwa kwa fundi Kornel wa Milanzi, mzee mwenye mguu mmoja mbovu, anafua visu na mashoka, na kwa anayempendeza hufua pia bangili na pete. Nikamkuta ananoa panga. Nikamwamkia shikamoo, nikamwambia mimi ni mwalimu wa mjini, nataka bangili ya shaba, nyuzi tatu. Hakuacha kunoa.

"Ya nani?"

"Ya mama mkwe wangu, baba."

"Simjui. Nieleze."

Nikaanza kumweleza bangili, akanikatiza, akasema bangili anazijua, nimweleze mtu. Anatwanga kwa mkono upi? Bado analima? Anakamua? Vidole vinakunja vyote au kuna vinavyogoma? Nilidhani ananifanyia mzaha kwa sababu ni mgeni, nikamwambia, baba, mimi nataka pambo tu. Akaweka panga chini. "Mwalimu, bangili haikai mezani. Inakaa kwa mtu anayetwanga."

Basi akanituma nikapime, uzi mmoja wa kifundo na uzi mwingine wa kiganja pale penye mafundo ya vidole. Nikamwambia mama ninatengeneza zana za kufundishia, nikawapima watu wote uani, watoto, Zita, jirani, mpaka nikamfikia yeye, akanyoosha mkono huku anacheka, "Mwalimu, wanipimia sanda?" Nilicheka na wenzangu, nikafunga fundo pale uzi ulipokutana. Kornel alipozilinganisha zile nyuzi akatikisa kichwa, kiganja kimekuwa kinene kwa jembe na kifundo kimekonda kwa umri, bangili iliyofungwa haitapita, lazima iwe na mdomo wazi. Mimi nikakataa, ya zamani ilikuwa imefungwa, tukabishana Jumamosi mbili nzima, nikashindwa. Halafu akasuka mfano wa nyasi, akanivalisha mimi, akasema nipike nayo, nifue nayo, nibebe mtoto nayo, nije nimwambie inanikwaza wapi. Ilinikwaza kwenye mbeleko, ncha zilikuwa zinashika kitambaa, nikarudi nikamwambia, akafurahi, mara yangu ya kwanza kumwona anafurahi, akasema ncha tutazilaza na kuzipinda ndani. Naeleza haya yote ili ujue sikufanya mchezo, nilikwenda Milanzi kila Jumamosi asubuhi kabla ya kwenda kijijini, nilikuwa najua kazi ile hatua kwa hatua, na mguu wake ulipomsumbua nilikaa mimi kwenye mivukuto nikavukuta moto mpaka mabega yakaniuma wiki nzima.

Ubaya ulianzia kwenye malipo. Fundi alisema pesa hataki, akanunue nini, shaba anayo, waya mnene aliletewa kutoka Zambia, alichokosa ni chuma. "Niletee chuma, nikufulie shaba." Nikatafuta. Shuleni nilipata bawaba mbili. Jumapili moja ya Kwaresima nipo kwa mama, nimetumwa kuteremsha ungo uchagani juu ya meko, nikaona nyuma ya vyungu kuna jembe pana la kizamani, halina mpini, jeusi kwa moshi, halijaguswa muda mrefu, utando wa buibui umelifunika. Mshauri, mimi niliona ni takataka. Shuleni tunawafundisha watoto kilimo cha kisasa, jembe la namna ile linachorwa kwenye kitabu kama kitu cha mababu. Nikalifunga kwenye kanga, nikalichukua, hakuna aliyeniona.

Kornel aliligeuza na kuligeuza. Akaligonga kwa kifundo cha kidole, akalisogeza sikioni. Akaniambia hili ni la malungu, yale matanuru marefu ya wazee waliokuwa wanayeyusha mawe kupata chuma, na chuma hicho siku hizi hakuna anayekitoa. Akaniuliza, "Limetoka kwa nani?"

Nikasema, "Ni la kwetu."

"Wenyewe wanajua?"

Hapa nakuomba usinihukumu haraka. Nilisema, "Wanajua, baba." Bangili ilikuwa imebaki kupindwa ncha tu, nilikuwa naiona pale juu ya fuawe, na neno likatoka. Akaliweka kando.

Nilimpa mama bangili Jumapili ya Pentekoste baada ya misa. Aliishika, akaketi chini pale pale mlangoni, akaivaa, ikapita vizuri kabisa kama fundi alivyosema, akaisugua, akanivuta akaniwekea mkono kichwani, akasema, "Mwanangu." Nililia mbele ya watu. Na tangu siku hiyo ni mwanangu asubuhi na jioni, "mwanangu wa Rungwe," anawaambia kanisani, anawaambia kisimani, huko kwenye kisomo cha watu wazima anaandika ubaoni kwa mkono wa kushoto ili waione, na Zita anasema mwalimu wao amechoka kumkataza.

Haikupita wiki mbili. Zita, ambaye anaolewa baada ya mavuno na kijana anaitwa Rafaeli, akaniambia kwa furaha kwamba wazee wa kina Rafaeli wameleta habari, wanakuja mwisho wa Julai kuliona jembe. Nikauliza jembe gani. Akacheka, akasema, "Nilisahau kwamba wewe hukuwepo, ulikuwa kwenu Tukuyu umejifungua." Kumbe posa ya Zita ililetwa kwa jembe la zamani la ukoo wa kina Rafaeli, nao kwao kila kizazi jembe hilo hilo ndilo linalopelekwa kuposa, linakaa nyumbani kwa binti bila kuguswa, halifutwi, halitiwi mpini, na siku ya kufunga ndoa linarudi pamoja na bibi harusi. Likirudishwa mapema maana yake binti amekataa. Kabla ya harusi wazee huja, huligonga, huliweka mapajani kwa mama wa binti, humwuliza mara tatu, "Ndilo?" naye hujibu mara tatu, "Ndilo." Nikamwuliza Zita, kama halipo je? Akasema haijawahi kutokea.

Nilikwenda Milanzi nikikimbia, sikuaga mtu. Fundi alikuwa amelikata. Amefanya tezo moja na visu viwili, visu anavyo, tezo imekwenda Kasanga kwa seremala wa mitumbwi. Nilipomweleza akasema, "Uliniambia wanajua." Ingekuwa afadhali angenitukana. Nikamwomba anifulie jingine linalofanana. Alikataa, nikaomba, akakataa, nikalia, nikamtafutia kipande cha springi ya lori, mwishowe akafua. Akanipa akasema, "Umbo ni hilo. Moshi utaupaka mwenyewe. Sauti siwezi kuifua."

Jembe hilo sasa hivi linaning'inia juu ya meko yangu mjini, ninalikausha kwa moshi wa kuni mbichi, kila nikitoka kazini naligeuza. Mama hajachungulia uchagani, anaamini lile la posa bado lipo. Naweza kulipandisha Jumapili yoyote na hakuna atakayejua, au pengine watajua, sijui. Nimewahi kufikiri niseme wezi waliingia. Nimewahi kufikiri nimwambie mume wangu, lakini amekwenda Kasanga, na akiwepo namwangalia usoni nashindwa. Nikisema, harusi ya Zita inaweza kuvunjika na mimi ndiye niliyeivunja, na mama hataniita tena lile jina ambalo nimelingoja miaka sita na nimelipata mwezi mmoja. Nikinyamaza, kila anaponyoosha mkono ule wenye bangili kunipa chakula, chakula hakinishuki.

Nilipandishe au niseme? Naomba unijibu haraka, na naomba usitaje jina langu, maana gazeti hili hufika hadi darasa la kisomo la kijiji chao, na siku hizi mama mwenyewe ndiye anayechaguliwa kulisoma kwa sauti.

Ni mimi,
Mwalimu asiyetulia, Sumbawanga

JIBU

Mwalimu,

Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama, maana umeniambukiza. Nimeitoa katikati ya rundo nikaiweka juu, kwa hiyo walioandika mwezi wa tano wanajua sasa wamlaumu nani.

Kwanza pole. Miaka sita ni mingi kukaa kwenye nyumba ya watu ukiitwa kwa kazi yako. Hata wanaosema ni jambo dogo, wangeitwa wao wangelia. Na wazo la bangili lilikuwa zuri, tena umelifanyia kazi kuliko wengi ninaowajua, wanaokwenda dukani wakaokota cha kwanza wanachokiona. Ulipima, ulivaa nyasi siku nzima, ulivukuta moto. Hayo sitakunyang'anya.

Sasa nikuseme. Katika barua yako yote jembe lile "umelichukua." Mtoto wa darasani kwako akiondoka na daftari la mwenzake ndani ya sweta, huwa unaandika kwenye ripoti kwamba amelichukua? Tumia neno lake. Ulifunga kwenye kanga kitu cha nyumba ya mama yako mkwe, ukahakikisha hakuna anayekuona, na hiyo peke yake inaonyesha kwamba hata wewe hukuamini sana ile habari ya takataka. Takataka watu hawaifichi.

Na fundi usimguse. Wapo wanaoniandikia kulalamikia mafundi, na mara nyingi nawaunga mkono. Huyu alikuuliza maswali mawili ambayo mtu mwingine mwenye njaa ya chuma asingeyauliza, ukamjibu uongo mzee mwenye mvi anayekufulia kazi kwa mapenzi. Yeye alitaka kujua mama Bertilla anatwanga kwa mkono upi. Wewe umekaa naye miaka sita, ukamzungukia kwa nyuzi, kwa zana za kufundishia, kwa maneno ya Zita, na siku uliyokuta jembe uchagani ilikuwa inatosha kugeuka ukasema, "Mama, hili ni la nini?" Angekwambia. Pengine angekaa akakueleza mchana kutwa, na huenda hilo jina ungelipata hapo hapo bila shaba yoyote.

Tuje kwenye hilo linaloning'inia mekoni kwako. Unaniuliza kama litajulikana. Litajulikana. Wazee wanaoligonga na kulisikiliza, kizazi baada ya kizazi, hawatashindwa kutambua lori. Fundi wako alishakwambia, ukaandika maneno yake vizuri kabisa, kisha ukaendelea kukoka kuni mbichi.

Lakini tuseme wazee wote wamezeeka masikio. Tuseme limepita. Umefikiri nani atakayesema "ndilo"? Siyo wewe. Wewe utakuwa nyuma, unagawa togwa. Ni yeye, mbele ya koo mbili, jembe liko mapajani mwake, ataapa mara tatu juu ya springi ya lori, siku ya binti yake wa mwisho, akiwa amevaa bangili uliyomvalisha. Atasema uongo bila kujua, na wewe ndiye uliyemtilia mdomoni. Mwalimu, hapo ndipo nilipokukasirikia kweli. Kupoteza jembe ni kosa la mgeni na linasameheka. Hili la pili hujalifanya bado, na ukilifanya usiniandikie tena.

Habari ya wezi sitaki hata kuijadili. Kijijini mwizi hutafutwa, na akitafutwa hupatikana, awe ndiye au siye. Kuna mtu angepigwa kwa ajili yako.

Na kuna jambo jingine ambalo umelisema mwisho kana kwamba ni la kupitia tu. Umeniomba nisitaje jina, kwa sababu mama mkwe wako hulisoma gazeti hili kwa sauti darasani. Majina yote nimeyabadilisha, na vitu viwili vitatu nimevigeuza. Lakini nisaidie: mtu asiyetaka mama mkwe wake ajue, kwa nini aandike kurasa nne kwa gazeti analolisoma mama mkwe wake? Zipo redio, yupo padri, yupo yule mchungaji wenu wa Rungwe. Nadhani unataka ajue. Unatamani tu awe mwingine wa kumwambia, na umenichagua mimi. Kazi hiyo siifanyi. Hata hivyo ukisoma hapa gazeti limeshachapwa, na walimu kutoka Rungwe waliotengeneza bangili ya shaba huko kwenu sidhani kama wanafika wawili. Mjini linafika kabla ya vijijini, kwa siku mbili au tatu hivi. Hizo ndizo siku ulizo nazo.

Kwa hiyo fanya hivi. Siku unayosoma maneno haya, teremsha jembe lile mekoni. Mwombe mwalimu mkuu ruhusa, mwambie ni jambo la ukoo, atakuelewa. Mume wako mpelekee ujumbe Kasanga, lakini usimngoje, kwa maana najua utakavyofanya, utamngoja arudi ili aingie yeye mbele na wewe nyuma yake. Yeye hakupanda uchagani.

Kwa mama uende peke yako, kabla hujaenda kwa mtu mwingine yeyote. Usianze na bangili. Usianze na miaka sita, wala usimwambie ulifanya kwa mapenzi, hilo ameshalijua tangu Pentekoste na halitapunguza kitu. Anza na jembe. Sema ulilitoa, ulilipeleka wapi, limekuwa nini. Sema na lile la pili, la springi, maana ukilificha hilo utakuwa umeungama nusu, na nusu iliyobaki itakutoa jasho mpaka uzeeni. Kisha mwombe radhi Zita naye, uso kwa uso, hata akikataa kukutazama.

Yeye ndiye ataamua wazee wa kina Rafaeli waambiwe lini na nani awaambie. Lakini ujue ni lazima waambiwe kabla ya kuja, siyo wakiwa wameshaketi. Ukiwa na ruhusa yake, ndipo urudi kwa fundi Kornel. Mweleze umesema kweli. Naamini atakusaidia, maana mzee yule jambo hili linamkera kama wewe. Ile springi aigeuze kuwa tezo nzuri, upande nayo gari hadi Kasanga, ukamwombe seremala abadilishane nawe. Akikubali, chuma cha malungu kitarudi, pamoja na vile visu viwili, na fundi akiweza kukiunga kitakuwa jembe tena. Halitakuwa lile. Litakuwa na makovu, na wazee wanaweza kulikataa, na wakilikataa ni haki yao. Wanaweza pia kuligonga, wakasikia sauti wanayoijua, wakauliza habari zake, na mama Bertilla akawaeleza yote bila aibu kwa sababu hakuna alichofichwa. Mimi sijui itakuwaje. Nawe usiende kwake ukiwa umeshapanga jibu lake.

Inawezekana akaivua bangili akakurudishia. Ipokee. Usimsihi, usiitupe, usiiache juu ya kinu ili aione akirudi. Inawezekana asiivue, na hilo nalo usilisemee kitu.

Najua utatafuta cha kumpelekea. Nusu kilo ya sukari, kipande cha sabuni, kitenge ulichokuwa umemwekea kwa ajili ya harusi. Acha vyote mjini. Safari hii nenda mikono mitupu, keti chini, mwambie, kisha nyamaza umsikilize. Na akikuita mwalimu, itika.

Mshauri wako,
Mama Silvana